Ukuzaji wa sauti ya dabo besi jukwaani

Ukuzaji wa sauti ya dabo besi jukwaani ni kazi ya kuifanya dabo besi (pia: kontrabasi) isikike vizuri inapopigwa pamoja na ala zenye sauti kubwa zaidi, kama vile dramu, gitaa za umeme, kinanda na tarumbeta, bila kupoteza mlio wake wa asili. Kazi hiyo hufanywa kwa maikrofoni, pikapu, amplifaya na spika, lakini pia kwa namna ala inavyotayarishwa na mahali mpigaji anaposimama.

Dabo besi hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa ala ngumu zaidi kukuzwa sauti. Ni sanduku kubwa la mbao nyembamba lililotengenezwa ili litetemeke, na kwa sababu hiyo hutetemeshwa pia na sauti inayotoka kwenye spika. Matokeo yake huwa ama mvumo mzito usio na noti zinazoeleweka, ama mlio wa kurudiana unaoitwa fidibaki.

Jambo hili lina uzito kwa mpigaji mwenyewe. Shingo ya dabo besi haina vigawanyo vya noti kama ile ya gitaa, hivyo kidole huwekwa mahali pake kwa kutegemea sikio na mazoea ya mkono. Mpigaji asiyejisikia hutoka nje ya sauti, na mara nyingi huanza kuvuta nyuzi kwa nguvu kupita kiasi hadi kuumiza vidole, mkono na bega.

== Tabia za ala ==

Dabo besi ya kawaida ina kimo cha takriban mita 1.8, na sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa takriban mita 1.05. Nyuzi zake nne hufungwa kwa noti zifuatazo, pamoja na masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde:

* Uzi wa E: Hz 41.2
* Uzi wa A: Hz 55
* Uzi wa D: Hz 73.4
* Uzi wa G: Hz 98

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la uzi wa E ulio wazi lina urefu wa mita 8.3 hivi, ambao ni mkubwa mara nyingi kuliko ala yenyewe. Sanduku dogo kuliko wimbi haliwezi kusukuma hewa ya kutosha katika masafa hayo. Ndiyo maana toni ya msingi ya noti za chini kabisa hutoka kwa udhaifu, na sehemu kubwa ya sauti inayosikika hutokana na harmoniki zake, yaani mitetemo ya Hz 82, 124, 165 na kuendelea. Ubongo wa msikilizaji huzikusanya harmoniki hizo na kuitambua noti ya E hata pale ambapo toni ya msingi yenyewe ni hafifu.

Jambo hili lina maana kubwa jukwaani: uwazi wa dabo besi hautokani na kuongeza masafa ya chini kabisa. Hutokana zaidi na harmoniki na mshindo wa kidole kinapoachia uzi.

Sanduku lenyewe lina masafa ambayo hulitetemesha kwa urahisi kuliko mengine. Hewa iliyomo ndani, inayopumua kupitia mashimo mawili yenye umbo la herufi f, huitikia karibu na Hz 60, na ubao wa mbele huitikia kwa nguvu karibu na Hz 100. Viwango hivi hutofautiana kidogo kati ya ala na ala. Kwa kuwa Hz 100 iko karibu sana na uzi wa G ulio wazi, noti hiyo ndiyo ambayo mara nyingi huvuma kupita nyingine au kuanzisha fidibaki.

== Historia ==

Kabla ya vifaa vya umeme, wapigaji walitegemea nguvu za mikono. Katika jazz ya New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, wapigaji kama Pops Foster walivuta uzi na kuuachia upige ubao wa shingo, hivyo mdundo ukasikika juu ya tarumbeta. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa wanyama, na ziliinuliwa juu ya shingo ili ziweze kuvutwa kwa nguvu. Bendi nyingi za wakati huo zilitumia tuba badala ya dabo besi, kwa kuwa tuba ilisikika zaidi.

Maikrofoni ilisaidia kuibadilisha hali hiyo. Jimmy Blanton, aliyejiunga na bendi ya Duke Ellington mwaka 1939, alionyesha kwamba dabo besi inaweza kubeba sauti ya kuongoza, si mdundo tu. Mwaka 1946 Everett Hull wa Marekani alianzisha biashara ya maikrofoni ndogo iliyofungwa ndani ya ala juu ya mguu wake wa chuma, pamoja na amplifaya yake. Jina la kampuni ya Ampeg lilitokana na kifaa hicho.

Mwaka 1951 Leo Fender alitoa gitaa la besi la umeme aina ya Precision Bass. Gitaa hilo lilikuwa jepesi, lilibebeka kwa urahisi, na halikuwa na sanduku la kurudisha mvumo. Bendi nyingi za dansi na za pop duniani zililichukua, na dabo besi ikabaki hasa katika jazz, muziki wa orkestra, muziki wa kijijini wa Marekani na aina nyingine chache.

Kuanzia miaka ya 1960 nyuzi za chuma na pikapu za piezo zilienea kati ya wapigaji wa jazz. Nyuzi za chuma hulia muda mrefu zaidi na zinaweza kuwekwa karibu na shingo, na pikapu ilibeba sauti bila mpigaji kujitesa. Mlio wa miaka ya 1970, unaosikika katika rekodi nyingi za Ron Carter, umetokana kwa sehemu na vifaa hivyo. Baadaye baadhi ya wapigaji waliona kwamba mbao za ala zimepotea katika mlio huo, wakarudi kwenye maikrofoni na hata nyuzi za utumbo.

== Njia za kuchukua sauti ==

=== Maikrofoni ===

Maikrofoni hutoa mlio ulio karibu zaidi na ule wa asili, kwa kuwa husikia hewa kama sikio linavyosikia. Huwekwa kwenye stendi sentimita 10 hadi 20 mbele ya ala, kati ya daraja na shimo la f, au hufungwa kwenye ala yenyewe kwa kibanio. Wengine huizungushia sponji na kuibana chini ya daraja.

Udhaifu wake ni kwamba husikia pia dramu, spika na kila kitu kilicho karibu. Maikrofoni inayosikia upande mmoja tu hupunguza tatizo hilo, lakini aina hiyo huongeza sauti za chini inapokuwa karibu sana na ala, hivyo mvumo huzidi.

=== Pikapu ya piezo ===

Pikapu ni kifaa kidogo kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. Aina inayotumika zaidi hutegemea tabia iliyogunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880: fuwele fulani hutoa umeme zinapobanwa. Pikapu hubandikwa kwenye bawa la daraja, huingizwa katika mpasuo wake, au huwekwa chini ya mguu wa daraja.

Faida yake ni kwamba haisikii hewa moja kwa moja, hivyo huvumilia sauti kubwa kuliko maikrofoni. Kasoro yake ni mlio mkavu wenye mshindo mkali, hasa mpigaji anapotumia upinde. Mahali inapowekwa hubadilisha mlio sana: kwenye bawa la daraja huleta mshindo wa kidole, na chini ya mguu wa daraja huleta zaidi mbao na mvumo.

=== Pikapu ya sumaku ===

Hii hufungwa mwishoni mwa ubao wa shingo na kufanya kazi kama ile ya gitaa la umeme. Hutaka nyuzi za chuma. Huhimili fidibaki vizuri, lakini mlio wake hukaribia ule wa gitaa la besi.

=== Kuchanganya njia mbili ===

Wapigaji wengi hutumia pikapu na maikrofoni pamoja: pikapu kwa sauti za chini, maikrofoni kwa sauti za juu. Hapo hutokea tatizo la muda. Sauti hufika kwenye maikrofoni kwa kuchelewa, kwa kuwa husafiri hewani. Maikrofoni iliyo umbali wa sentimita 34 huchelewa kwa milisekunde 1, ambayo ni nusu ya mtetemo mmoja wa Hz 500. Njia moja inapopanda, nyingine inashuka, na masafa hayo hudhoofika. Kusogeza maikrofoni, kugeuza fezi ya njia mojawapo, au kuondoa sauti za chini katika maikrofoni hupunguza kasoro hiyo.

== Priamplifaya na impidansi ==

Sababu moja ya mlio mbaya wa pikapu ya piezo ni kuiunganisha moja kwa moja kwenye mikseri. Kwa umeme, pikapu hiyo ni kama kapasita ndogo. Ikiunganishwa na kifaa chenye ukinzani wa kuingilia R, masafa yaliyo chini ya kiwango f hupungua, ambapo:

f = 1 ÷ (2πRC)

Tuseme pikapu ina kapasitansi C ya nanofaradi 1. Matokeo ni haya:

* Kiingilio cha kilo-omu 10 (kiingilio cha laini katika mikseri nyingi): f ni takriban Hz 16,000. Karibu muziki wote hupungua, na sauti za chini hupotea zaidi.
* Kiingilio cha mega-omu 1 (amplifaya nyingi za gitaa): f ni takriban Hz 159. Nyuzi zote nne zilizo wazi ziko chini ya kiwango hicho.
* Kiingilio cha mega-omu 10: f ni takriban Hz 16. Noti zote hupita.

Kwa hiyo pikapu ya piezo hupitishwa kwanza katika priamplifaya yenye kiingilio cha mega-omu 1 hadi 10, kisha ndipo ishara ipelekwe kwenye amplifaya na mikseri. Pikapu zenye kapasitansi kubwa zaidi huhitaji ukinzani mdogo kuliko huo. Fundi asiyelijua jambo hili huongeza besi kwenye mikseri ili kufidia, na badala ya noti hupata mvumo na kelele.

== Fidibaki ==

Fidibaki hutokea sauti ya spika inapoitetemesha ala, pikapu ikachukua mtetemo huo, amplifaya ikaukuza na kuurudisha kwenye spika. Mzunguko huo ukiongeza nguvu kila unapopita, mlio hukua wenyewe bila uzi kuguswa. Katika dabo besi huwa ni mvumo wa chini, tofauti na ukelele wa juu wa maikrofoni ya mwimbaji. Njia za kuuzuia ni hizi:

* Umbali na pembe. Mahali pasipo na kuta, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Spika isielekezwe kwenye ubao wa mbele wa ala.
* Kuinua spika. Spika iliyokaa juu ya jukwaa la mbao hulitetemesha jukwaa, na mtetemo hupanda kwa mguu wa chuma hadi kwenye ala. Kiti, stendi au kipande cha sponji nene chini ya spika hupunguza tatizo, na pia mpira chini ya mguu wa ala.
* Kichujio cha sauti za chini. Chini ya Hz 41 hakuna noti ya dabo besi yenye nyuzi nne za kawaida, ila vishindo vya miguu, mikono na upepo. Kichujio kinachokata sauti hizo huachia amplifaya nguvu ya kufanya kazi yenye faida. Katika jukwaa lenye mvumo hupandishwa hadi Hz 60 au 80, na noti bado hutambulika kwa sababu ya harmoniki.
* Kugeuza fezi. Swichi hii hubadilisha masafa ambayo fidibaki huanzia. Hujaribiwa kwa kusikiliza: mkao unaovuma kidogo ndio huo.
* Kukata masafa membamba. Fidibaki ikianza mahali pamoja tu, kwa mfano karibu na Hz 98, masafa hayo hupunguzwa kwa desibeli 3 hadi 6. Kukata zaidi huifanya noti ya G ififie kuliko jirani zake.
* Kuziba mashimo ya f. Sponji laini iliyowekwa katika mashimo hupunguza mwitikio wa hewa ya ndani. Mlio wa ala bila umeme hupungua, hivyo hutumika pale tu ambapo sauti ya jukwaa ni kubwa.
* Kupunguza maikrofoni zilizo wazi. Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, kiwango cha sauti kinachoweza kufikiwa kabla ya fidibaki hupungua kwa desibeli 3 hivi.

== Uwazi wa sauti katika bendi ==

Sauti inaweza kuwa kubwa lakini isiwe wazi. Ngoma kubwa ya dramu, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda na nyuzi nene za gitaa hukaa katika masafa yaleyale ya dabo besi, na kuifunika. Dawa ya kwanza ni ya kimuziki: mpiga kinanda kuacha noti za chini, na mpiga dramu kupunguza nguvu ya mguu. Dawa ya pili ni ikwalaiza, ambayo hutumika zaidi kwa kupunguza kuliko kuongeza:

* Hz 40–80: uzito wa noti za chini, zikizidi huzaa mvumo usio na umbo.
* Hz 80–150: mwili wa sauti, ni eneo la hatari ya fidibaki.
* Hz 200–400: unene; zikizidi sauti huwa ya kopo au ya matope.
* Hz 600–1,000: eneo linalosaidia sikio kutambua noti; kuongeza kidogo hapa mara nyingi huleta uwazi kuliko kuongeza besi.
* Hz 2,000–5,000: mshindo wa kidole na mikwaruzo ya uzi, katika pikapu za piezo mara nyingi hupunguzwa.

Sikio la binadamu husikia kwa udhaifu masafa ya chini kuliko ya kati, na tofauti hiyo hupungua sauti inapoongezeka, kama walivyoonyesha Harvey Fletcher na Wilden Munson mwaka 1933. Kwa sababu hiyo mpangilio uliopendeza chumbani kwa sauti ndogo huwa na besi nyingi mno ukumbini.

== Mahali pa mpigaji na utaratibu wa majaribio ==

Mpigaji husimama karibu na mpiga dramu ili mdundo wao uende pamoja, lakini si mbele ya sahani za shaba zinazofunika harmoniki zake. Spika yake ndogo ikiwekwa karibu na usawa wa sikio humwezesha kujisikia bila kuongeza sauti. Spika ikiwa sakafuni nyuma ya miguu yake, wasikilizaji huisikia kabla yake. Kona ya ukumbi huepukwa, kwa sababu kuta mbili na sakafu huongeza sauti za chini.

Majaribio kabla ya onyesho hufuata utaratibu huu:

1. Ala hupigwa bila umeme, ili mlio wake wa asili ujulikane.
2. Ikwalaiza zote huwekwa katikati, na kichujio cha chini huwashwa.
3. Sauti hupandishwa polepole hadi mvumo uanze, kisha fezi hugeuzwa na mikao miwili hulinganishwa.
4. Kila uzi hupigwa noti baada ya noti. Ile inayovuma kupita nyingine huandikwa na kupunguzwa kidogo.
5. Sauti hushushwa chini ya kiwango cha fidibaki ili ibaki nafasi ya usalama.
6. Bendi nzima hupiga wimbo wenye sauti kubwa, na mtu husikiliza akiwa katikati ya ukumbi.

Hatua ya mwisho haipaswi kurukwa, kwa kuwa mawimbi marefu ya besi hujazana mahali fulani ukumbini na kupotea mahali pengine. Sauti iliyo karibu na mpigaji si ile inayowafikia wasikilizaji.

== Katika Afrika Mashariki ==

Katika Afrika Mashariki dabo besi inajulikana hasa kupitia taarab ya Zanzibar. Vikundi vikubwa vya huko, kama vile Ikhwani Safaa (kilichoanzishwa mwaka 1905) na Culture Musical Club (1958), vilipanuka katika karne ya 20 kwa kufuata mfano wa orkestra za Misri, na dabo besi hukaa pamoja na fidla, udi, kanuni, kodiani, nai na ngoma ndogo. Kwa kawaida hupigwa kwa vidole, na kazi yake ni kushika msingi wa wimbo chini ya mwimbaji.

Ukuzaji wa sauti katika taarab ya namna hii una ugumu wake. Ala zote ni za asili, zimekaa karibu karibu, na kila moja huhitaji maikrofoni, hivyo maikrofoni nyingi huwa wazi kwa pamoja. Kanuni na udi zina mlio mwembamba unaofunikwa haraka na besi iliyozidi. Kwa upande mwingine, kikundi hakina dramu kubwa, hivyo dabo besi haihitaji kusukumwa sana. Pikapu yenye priamplifaya inayofaa, au maikrofoni moja ya karibu yenye kichujio, hutosha katika kumbi nyingi.

Katika taarab ya kisasa, iliyoenea tangu miaka ya 1990, nafasi ya dabo besi imechukuliwa na gitaa la besi na kinanda cha umeme. Sababu ni nyingi, zikiwemo ladha ya wasikilizaji, gharama ya ala na usafirishaji wake. Ugumu wa kuikuza jukwaani ni mojawapo inayoweza kupunguzwa kwa ujuzi: kikundi chenye fundi anayejua impidansi, kichujio na mahali pa spika kinaweza kuendelea na dabo besi hata katika tamasha la wazi.

== Tazama pia ==

* Taarab
* Jazz
* Gitaa la besi
* Maikrofoni
* Sauti (fizikia)